Likizo Tatu za Mercyline Kemunto

Mercyline Kemunto Makori alizaliwa tarehe 3 Juni 1989 hapa Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Zakaria Ombati na Mama Bathseba Moraa. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na mama husema tangu siku hiyo hakumwona tena amekaa kitako.

Alisoma shule za hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007. Alikuwa mwepesi wa mbio na mwepesi wa kuchoshwa na mengine yote. Alijaribu ushonaji, ususi, hata duka la dawa za mifugo, kila kimoja miezi michache, kisha guu na njia.

Januari 2016 alipokelewa Dubai na dada yake mkubwa, Edna, karani wa mapokezi katika kliniki moja Oud Metha. Edna ndiye anayesoma wasifu huu. Ameomba ajitaje kama mtu mwingine, maana ana jambo la kuungama. Mercyline alipata kazi katika ukumbi wa theluji ndani ya duka kubwa, akiwagawia wageni makoti na viatu. Huko, kwenye televisheni ya ukutani, aliona mchezo uitwao skeleton: mtu anakimbia ameinama akisukuma kigari cha chuma, anakirukia, kisha anateremka mfereji wa barafu kifudifudi, kichwa mbele, kidevu karibu kugusa barafu. Alimpigia Edna simu papo hapo. "Nimeona kitu changu," akasema. Edna akamwambia akagawe makoti.

Tarehe 20 Januari 2018, katika likizo yake ya kwanza, alifunga ndoa hapa nyumbani na Ronny Makori, fundi wa kuchomelea vyuma katika gereji moja ya Satwa. Waliporudi, Ronny alimuundia kigari cha mazoezi chenye magurudumu ya kitoroli. Alfajiri Mercyline alikisukuma nyuma ya majumba ya Al Warqa, hadi madam mmoja akamlalamikia askari wa getini kwamba kuna mwanamke anayefukuza kuku asiyeonekana. Askari, Mkenya mwenzetu, akamjibu, "Madam, bado hajamshika. Kesho atarudi."

Sasa tufike kwenye tarehe zenyewe. Kampuni ilitoa likizo mara moja kila miaka miwili, na kila likizo ilipokaribia mama alipaka ukuta rangi, akamtenga jogoo, akangoja. Januari 2020 Mercyline alikwenda Austria kwenye mashindano ya wachezaji wa ridhaa. "Mwambie mama kampuni imekataa," alimwomba Edna. "Hii moja tu, please." Edna akamwambia mama hivyo. Mercyline alianguka kwenye kona ya nne. Januari 2022 Edna alirudia uongo uleule, na Mercyline akavunjika mfupa wa bega mazoezini kulekule Austria. Januari 2024 akausema mara ya tatu, na safari hii ulimtoka kama salamu. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilitufikisha mbali. Mama aliishtaki kwa Mungu kampuni ambayo haikumkosea chochote.

Tarehe 27 Januari 2024 Mercyline alishuka tena mfereji uleule. Kocha alikuwa amemwonya kwamba anayejitikisa juu ya kigari hupoteza muda. Edna alipotumiwa video, alimwona mdogo wake ametulia kwa dakika nzima. Alilia kwa wivu, maana utulivu ule sisi hatukuwahi kuupata.

Agosti 2025 alianza kuchoka, na mikononi zikamtoka alama za zambarau kama za kugongwa. "Ni kigari tu," alisema, na Edna, anayeona wagonjwa kila siku, akakubali. Septemba ikajulikana kuwa ni saratani ya damu. Tayari alikuwa amekata tiketi ya kuja kumwona mama tarehe 9 Januari 2026. "Yalla, nitoeni hii mipira ya dawa, niko na safari," aliwahimiza wauguzi kila asubuhi. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Ronny akiwa amemshika mkono.

Juzi Edna alikaa kuandika wasifu huu, akaona kwamba hawezi kuandika tarehe za kweli bila mama kujua. Aliona aibu, lakini akaenda jikoni kumsomea. Mama alikoroga sufuria, kisha akauliza:

"Hiyo mara ya tatu, alifika chini?"

"Alifika, mama. Alikuwa wa mwisho."

"Sijakuuliza wa ngapi." Akaipua sufuria. "Mngeniomba, ningekataa. Ningelia wiki nzima, halafu ningemruhusu. Soma hivyo hivyo, na uongo wenu ndani."

Ameacha mume wake Ronny, mama yake Bathseba, dada yake Edna na mdogo wao Justus.

Kemunto, pumzika kwa amani. Mama amekuruhusu.