Bado Si Hakuna

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo, wakuu wa idara, wanasayansi wenzangu, mafundi na madereva, ndugu na jamaa mliojibana kwenye viti vya nyuma, na wewe mwenyewe tunayekuaga, Mama Nyuzi: nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa dakika tano, na tangu asubuhi nimekwenda chooni mara tatu. Nivumilieni.

Jamaa zake huenda mnajiuliza: huyu mama, miaka ishirini na sita, alikuwa akifanya nini humu? Alikuwa akitusaidia kupima jinsi galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zilivyotawanyika ulimwenguni. Sisi tunatoboa sahani ya alumini, ile inayofungwa kwenye darubini, matundu mia sita, kila tundu mahali pa galaksi moja. Yeye anachomeka uzi wa kioo katika kila tundu, kwa vidole vyake, ili mwanga ufike kwenye chombo kinachotuambia galaksi hiyo iko mbali kiasi gani. Ramani inayopatikana inafanana na povu la sabuni: galaksi zimesongamana kwenye kuta, katikati ni utupu. Nani kati yetu angemaliza matundu mia sita kwa dakika arobaini, huku akitusema kwa kuacha vikombe vichafu?

Mwaka juzi nyuzi nyingi zilikatika, na sahani za upande mmoja wa anga zikapimwa nusunusu. Mbele ya kila tundu lililokosa uzi, Mama aliandika daftarini neno moja: "bado". Programu yangu haikulijua neno hilo, ikawa inagoma kila nikiiendesha. Nami nilikuwa mbio, mkutano umebaki wiki moja. Nikabadilisha kila "bado" kuwa "hakuna", yaani hakuna galaksi.

Mnakumbuka kilichofuata? Utupu mkubwa kuliko wote tuliowahi kuupata! Mlinipigia makofi katika ukumbi huu huu. Lakini siku moja kabla ya makofi hayo, Mama alinijia mlangoni, daftari kwapani.

"Mwanangu, bado si hakuna," aliniambia. "Pale hatujapima."

"Mama, wewe chomeka. Kuhesabu niachie mimi."

Wenzetu wa kituo kingine walipoelekeza darubini pale, walikuta galaksi zimejaa tele. Tukaumbuka. Kamati ya uchunguzi ya kituo iliponiuliza kosa limetoka wapi, nilijibu, "Muulizeni aliyechomeka." Mama alijieleza, akawafungulia na daftari, mkaniamini mimi, mwenye shahada. Akaandikiwa barua ya onyo.

Naona baadhi yenu mnatazama saa. Ningekuwa mimi huko, ningetazama pia. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha wangu mwaka mzima, nikimkwepa Mama kwenye korido, nikijifanya nasoma simu iliyozima. Naona aibu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, kesho anakabidhi funguo, na barua ile ingali kwenye faili lake. Naomba itolewe leo, iandikwe upya kwa jina langu. Maelezo yangu nimeyasaini, yapo mezani pako chini ya ratiba.

Mama, sikuombi uniambie umenisamehe, maana mbele ya watu wote hawa ningekuwa nakulazimisha.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza, kama mlivyonisikiliza hata nilipodanganya. Kipaza sauti hiki hapa, Mama. Safari hii tunakusikiliza wewe.