Mguu wa Fickó Uko Juu

Benchi la chini ya dirisha la Etelka, muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile ya Novemba lilikuwa limebeba wazee watatu ambao, ukiwajumlisha, hupati goti zima hata moja. Bódi aliitwa Jenerali kwa sababu jeshini alikuwa mpishi. Imre aliitwa Daktari tangu alipojing'oa jino kwa koleo. Rezső, mlinzi mstaafu wa geti la reli, hakupewa jina la utani. Alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alitosha kumfanya achekwe na kijiji kizima. Mbwa mwenyewe, Fickó, alikuwa vizsla, mwekundu kama mkate ulioiva, wa ile mbegu ya kuwinda isiyojua kutulia. Wakati huo alikuwa ng'ambo ya mtaro, kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ameganda: pua mbele, mguu mmoja juu. Maana yake, hapa kuna ndege, njoo. Mbwa wa aina hii hamrukii ndege, humngoja bwana wake aje amfurushe. Na bwana wake alikuwa anapuliza kahawa.

Rezső alikuwa na jambo rohoni. Binti yake alishamwambia kwenye simu kwamba nyonga yake haimuwezi tena mbwa huyo, na kwamba dada mmoja mlinzi wa misitu, Dalma, angepita asubuhi ile kumchukua. Basi mzee alikuja kijiweni kutafuta sababu ya kukataa, hata ya kuazima.

— Jana amekula nini? Jenerali aliuliza.

— Mto.

— Wa kulalia?

— Na foronya yake. Na kona ya mlango.

— Huyo ana hamu ya chumvi, Daktari akasema. Mlango wa zamani umeshikwashikwa, umejaa chumvi ya mikono.

— Chumvi gani! Jenerali akadakia. Huyo anataka mbio. Mkimbize!

— Nimkimbize na nini, bwana? Jana nimemtembeza hadi kanisani, nikarudi nimeshikwa mkono na padri. Tulipofika nyumbani, mwenzangu ndiyo kwanza akaona siku imeanza.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Jenerali akasema.

— Mkuu gani?

— Mimi hapa. Nilikwambia ununue kasuku.

Etelka akachomoza kichwa dirishani na birika lake.

— Na kitandani bado unalala naye?

— Mimi silali naye, mama. Yeye ndiye analala. Mimi najibanza pale anaponiachia.

Walicheka mpaka benchi likahama tofali. Walipolirudisha, Jenerali akanyoosha kidole shambani.

— Hivi anaonyesha nini pale?

— Kwale, Rezső akasema.

— Kwale wa wapi! Huyo ni sungura.

— Ni bomu, Daktari akasema. Limebaki tangu vita. Chuma kikipata baridi hutoa harufu.

— Mbona halijalipuka?

— Ndiyo maana hatikisiki! Mbwa ana akili huyo.

— Acheni ushamba, Jenerali akasema. Anaonyesha kaskazini. Vizsla akipigwa na baridi anakuwa dira. Babu yangu alirudi kutoka vitani kwa kufuata pua ya mbwa.

— Babu yako alirudi kwa treni, Rezső akasema. Baba yangu ndiye aliyefunga geti treni ipite.

— Haya, subira yavuta heri, Jenerali akahitimisha, akajiongezea sukari.

Rezső alicheka nao, ila macho yalikuwa ng'ambo. Ule mguu wa Fickó ulishaanza kutetemeka. Aliona aibu, akanywa kahawa ili mdomo uwe na kazi.

Ndipo mwanamke kijana mwenye mabuti ya matope akasimama mbele yao.

— Shikamooni, wazee. Mimi Dalma.

— Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Jenerali akasema, akisogea, bila kujua anasema nini.

Dalma hakukaa. Alikuwa anatazama shambani.

— Amesimama hivyo tangu saa ngapi?

— Tangu kikombe cha kwanza, Etelka akajibu.

— Na huwa anangoja mpaka lini?

— Mpaka mtu afike, Rezső akasema kwa majivuno. Inyeshe, isinyeshe.

— Sasa nani anakwenda?

Daktari akachungulia kikombe chake. Jenerali akainama kufunga kamba ya kiatu iliyofungwa tayari. Etelka akafunga dirisha, eti baridi.

Rezső akainuka. Akavuka barabara na fimbo yake mpaka ukingoni mwa mtaro. Mtaro wenyewe ni mwembamba, zamani akiuruka na bunduki begani. Akanyanyua mguu, mguu ukakataa. Akajaribu tena. Fickó hakugeuza kichwa, lakini ncha ya mkia ilicheza. Alizijua hatua zile. Rezső akageukia benchi.

— Binti! Njoo.

Dalma akaja.

— Mzungukie kwa kulia, polepole. Ukifika, mguse begani kwanza, umsifu. Halafu ndiyo umfurushe ndege. Ndivyo alivyozoea.

— Nimwambie nini?

— Mwambie mzee kakwama njiani.

Dalma akaruka mtaro. Akamgusa mbwa, akainama, akamnong'oneza. Akapiga hatua moja, na kwale wawili wakapaa kwa kishindo.

— Nilisema kwale! Jenerali akapiga kelele toka benchini.

— Muongo! Ulisema kaskazini!

Fickó aliwatazama ndege mpaka wakapotea. Kisha akamtazama Dalma, akamgeukia mzee kule ng'ambo, na mkia ukasimama, unangoja. Rezső akanyoosha mkono kuelekea msituni, ishara ya kumruhusu aende na Dalma. Nyumbani mbwa yule hakuwahi kumtii hata siku moja. Leo akatii.