Mama Tangazo Anastaafu, Sauti Yake Bado Inadai Kodi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mtangazaji wetu wa ukumbi wa abiria hapa uwanja wa ndege anazima maikrofoni yake baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi. Sisi tunamwita Mama Tangazo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwenye ratiba ya sherehe ya leo ya kumuaga kwa sababu mimi ni karani wa dirisha namba mbili, na kibanda chake kiko juu ya kichwa changu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Alianza kama mpiga chapa wa ofisi ya mizigo. Siku moja mtangazaji wa zamani alikaukiwa na sauti, ndege ya visiwani ipo tayari, abiria wanasinzia vitini. Wakamwita Mama Tangazo asome karatasi ya mistari mitatu. Akasoma. Watu waliamka, wakajipanga bila kusukumana, na mkuu wa wakati huo akasema huyu asirudi tena kwenye mashine. Hakurudi.

Kilichomtoa jasho ni kodi ya kuondoka. Ninyi wageni waalikwa ambao hamkuijua, mna bahati yenu. Msafiri wa visiwani alikata tiketi, akapimisha mzigo, kisha akaambiwa bado: kodi haimo kwenye tiketi, akalipe dirishani. Siku ya kurudi alilipa nyingine kwenye uwanja wa kule. Sasa mweleze mtu hilo neno kuondoka! Mzee mmoja aling'ang'ania dirishani kwangu robo saa nzima, akiapa kwamba yeye haondoki, anakwenda tu kumsalimia dada yake, Jumapili yupo nyumbani. Mwingine alitua kutoka kisiwani amefura kwa hasira: iweje atozwe kodi ya kuondoka na huku anarudi kwake? Mama Tangazo ndiye aliyelitupa neno hilo. Akaanza kutangaza kwamba anayepanda ndege hapa analipa hapa, na atakayepanda kule atalipa kule. Ubishi ukaisha. Akatunukiwa cheti na saa ya ukutani, ambayo haikuwahi kutembea hata siku moja.

Miaka miwili iliyopita tangazo hilo lilirekodiwa ili apumzishe koo, likawekwa kwenye mtambo, likawa linajirudia lenyewe kila dakika ishirini. Miezi minane baadaye kanuni zikabadilika. Kodi zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zikaingizwa kwenye bei ya tiketi. Ukishakata tiketi umemaliza. Tulishangilia. Ila tangazo hakuna aliyeligusa.

Jamani! Mwezi wa kumi na sita huu, sauti ya Mama Tangazo inawatuma watu kwangu walipe, na mimi napokea mshahara wa kuwaambia kwamba hakuna cha kulipa. Hawaniamini. Wananiuliza wamsikilize nani, mimi au yule mama? Bwana mmoja alidhani nazunguka kutafuta hongo, akanisukumia noti na kunisihi nisimletee matatizo. Tumeandika barua nne. Mkuu wetu wa kituo, ambaye leo ndiye mgeni rasmi na ambaye namheshimu sana, alijibu kwamba tangazo haliwezi kuondolewa maadamu dirisha bado lina foleni. Haya, tukaomba dirisha lifungwe. Akajibu kwamba haliwezi kufungwa maadamu tangazo linawaelekeza watu huko. Nimeziweka barua hizo mbili mezani kwangu na kuzisoma pamoja, nikasoma tena, na mpaka leo sijaona pa kutokea. Nilichoka hadi nikacheka.

Mama Tangazo naye alijaribu lake. Kila rekodi ilipokwisha alishika maikrofoni na kutangaza kwamba hayo mliyoyasikia si kweli. Sauti ileile inajikana yenyewe! Abiria wakaona heri wapange foleni tu, na yeye akaandikiwa barua ya onyo.

Wengine wetu tumeshazoea. Yeye hajazoea. Februari alikuwa dukani akiuliza bei ya sabuni, mwanamke mmoja akaitambua sauti, akageuka na kumshukia mbele za watu kwamba ndiye aliyesababisha akaachwa na ndege. Siku hiyo alirudi kazini bila sabuni.

Kisha ikaja Aprili. Binti yake ameolewa kisiwani, na mama mkwe wa binti huyo huja huku kila baada ya miezi mitatu kutibiwa macho. Alipokuwa anarudi alilisikia tangazo, akamtambua mkwe wake, akaenda moja kwa moja kwenye foleni. Nilitoka dirishani nikamsihi. Nikamwonyesha mstari wa kodi kwenye tiketi, jambo la kipuuzi kumwonyesha mtu aliyefungwa bandeji jichoni. Alinijibu kwamba mkwe wake hawezi kumdanganya. Ndege ikaruka, akaachwa. Tangu siku hiyo hapokei simu ya Mama Tangazo. Na Mama Tangazo akistaafu anahamia hukohuko kwa binti yake, nyumba moja na mama huyo, jiko moja. Sasa ndiyo tumwambie akapumzike?

Jumanne, yeye na fundi wa mitambo walirekodi tangazo jipya. Nimelisikiliza. Linasema kwamba wasafiri wa visiwani kodi yenu imo ndani ya tiketi, ya kwenda na ya kurudi, msipange foleni popote. Mwishoni anaongeza: na wewe mama mwenzangu, uliyeniamini ukaachwa na ndege, nisamehe, sauti ni yangu lakini uongo ule sikuutaka. Fundi anasema hawezi kuliweka bila saini ya Mkuu. Mama huyo yuko mjini kwa matibabu yake, na Jumatatu saa nne asubuhi atakuwa ukumbini akisubiri ndege ya kurudi.

Kwa hiyo, Mkuu, fomu ya fundi nimeibandika ukurasa wa mwisho wa nakala yako ya ratiba hii, na kalamu nimeibana hapohapo. Friji tuliyomchangia ni nzuri, asanteni wote mliochanga, lakini friji haimpatanishi mtu na mkwe wake. Fundi amesimama mlangoni. Hatuna haraka ya kula.

Mama Tangazo, asante kwa kutusemea sisi sote miaka ishirini na tisa. Tunakutakia afya na kila la heri huko uendako. Ubishe hodi, na aliyeko ndani aitikie.