Hatukununua Siri Zetu

Wa nyuma mnanisikia? Vizuri. Mimi kipaza sauti sihitaji. Nauza viatu sokoni Nakivubo, na nikiita mteja pale, hata Entebbe watu wanageuka. Usiku nilisomea kompyuta, katika darasa lenye mbu wengi kuliko wanafunzi, na naamini baadhi ya mbu wale walihitimu kabla yangu. Nilipopata cheti, chama chetu cha watu tunaoishi na virusi vya UKIMWI kikanikabidhi kompyuta yake. Ndiyo, tunaoishi. Mimi nimo. Leo nalisema mbele ya ukumbi mzima hapa Kamwokya, lakini wakati ule hata baba yangu mzazi alikuwa hajui.

Ndugu zangu, nawaambia, mwizi wa siku hizi havunji dirisha. Tuliletewa barua pepe: mwenzetu mmoja amefariki, ratiba ya mazishi imeambatishwa. Sasa, nani Kampala hii anapuuza tangazo la msiba? Ofisi nzima tuliinamia kioo, mama mmoja ameshaanza kulia, tukaifungua. Hakukuwa na marehemu. Asubuhi yake mafaili yote yalikuwa yamefungwa, na juu ya kioo maneno makubwa: lipeni, tuwape ufunguo.

Nikacheka! Nilicheka mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama tumepata mfadhili. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu wetu wa usiku alitufundisha: weka nakala kwenye diski, kisha ichomoe, ikae mbali. Yetu ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, kabatini, chini ya mapambo ya Krismasi. Tukaisafisha kompyuta, tukarudisha kila kitu, tukacheza. Nilitembea mtaani kama jenerali.

Kumbe vita ilikuwa na mlango wa pili.

Simu ikalia. Kijana mmoja, sauti laini kama ya muuza bima. "Dada, hongera, mmefungua. Ila sisi kabla ya kufunga tulichukua. Majina, simu, dawa, na ndugu wa kuarifiwa. Msipolipa, tunaanza kuwapigia. Wako wewe tumeona ni baba. Mzee askari, eh?"

Kicheko kikanikauka mdomoni. Diski ya kabatini inarudisha mafaili, jamani, hairudishi siri. Na baba yangu ni askari mstaafu kutoka kaskazini. Akikohoa, kuku wa mtaa mzima wanajipanga mstari. Mimi ndiye binti ambaye mzee alikuwa akimjivunia mbele ya wenzake. Nilikuwa tayari kuuza kila jozi, pamoja na ile iliyo miguuni, nilipe yaishe.

Kamati tukabishana. Mweka hazina naye akasema, "Tulipe tu, yaishe."

Mwenyekiti wetu ni mama wa Kongo, muuza vitenge. Akamgeukia: "Yaishe namna gani, papa? Ukimlipa mtu asiseme, kesho atakuwa amesahau? Atarudi na njaa mpya!"

Tukaripoti polisi. Tukaamua pia kuwaambia wanachama wetu kabla wezi hawajawaambia watu wengine, mmoja mmoja, mshauri akiwa pembeni. Wengine walitutukana, na walikuwa na haki. Walitukabidhi siri zao, sisi zikatuponyoka.

Ikabaki zamu yangu. Nilimkuta baba anang'arisha buti ambazo hana tena gwaride la kuzivalia. Nikayatoa yote kwa pumzi moja, kuanzia virusi mpaka wezi. Akaweka brashi chini.

"Dawa unameza?"

"Kila siku, mzee."

"Chakula unakula?"

"Nakula, mzee. Huoni mwili huu?"

"Huyu mtu wa simu. Yeye anataka pesa ili mimi nisijue?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nimejua."

"Ndiyo."

"Basi mpe namba yangu. Asingoje kesho. Apige leo!"

Banange, sijawahi kutii amri kwa furaha vile! Kijana alipopiga nikamwambia, "Kaka, chukua kalamu uandike namba." Ya nini? "Ya mzee, hata kama unayo. Anakusubiri. Ila jiandae, huyo hana breki." Akakata. Nikampigia mimi, hapatikani. Mwizi amenizimia simu!

Sitawadanganya kwamba hatukuumia. Baadhi yetu, ndugu zao walipigiwa simu kweli. Mwenzetu mmoja alifukuzwa na mwenye nyumba; tukabeba godoro lake wenyewe, mchana kweupe, tukiimba, mpaka kwenye chumba kipya. Wako ambao mpaka leo hawajamwambia mtu, na hatuwalazimishi. Siri ni ya mwenyewe, na wa kuitoa ni yeye. Lakini kulipa, hatukulipa. Hata shilingi.

Namshukuru mwalimu wa usiku, namshukuru mama mwenyekiti na mdomo wake, na zaidi ya wote mzee wangu, ambaye sasa ananipigia kila jioni kuuliza kama nimemeza, kwa sauti ile ile ya gwaride.

Nanyi wenye vyama, zahanati, shule, sikieni. Nakala wekeni mbali na mtandao, lakini msiridhike nayo kama mimi nilivyoringa. Msichohitaji kukijua kuhusu mtu, msikiandike. Sisi sasa majina yako upande wake na magonjwa upande wake, na kila mmoja ana neno lake la siri, si lile moja la ofisi nzima. Tangazo likija, hata la msiba, piga simu kwanza kwa wahusika. Na siku mkivamiwa, waambieni watu wenu mapema. Mwizi wa siri anakula woga wetu, tukinyamaza, tunampikia.

Mimi hanipati tena. Anayetaka kunitisha atafute kitu kingine. Hiki nimeshakisema mwenyewe.