Cleophus Tarrant na Kicheko cha Kwenye Santuri

Marehemu Cleophus Tarrant alizaliwa tarehe 9 Machi 1914, Kansas City, Missouri, mtoto wa nne wa Bwana Amos na Bi Lutie Tarrant. Mkunga aliapa kwamba mtoto alilia kwa mapigo, hata jirani akaanza kutikisa mabega.

Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu alisema hana ubaya, ila anapiga dawati kama ngoma hata wakati wa sala.

Alikata nyama kiwandani na kupiga saksafoni. Jumamosi mchana, tarehe 12 Oktoba 1940, wanamuziki wa mtaa walikusanyika ukumbini kupiga jazi bila karatasi za noti wala kiongozi, kila mtu kwa zamu yake, fundi akiwarekodi. Zamu ya Cleophus ilipofika, saksafoni ikalia kama bata aliyekanyagwa. Kwao mtu akikosea hakuna kusimama. Mpiga tarumbeta akaidaka sauti ya bata yule, akairudia kwa kejeli, bendi nzima ikaifuata, na mwanamke mmoja kule nyuma akaangua kicheko kirefu kilichoshuka kama mtu anayeshuka ngazi. Vyote vikaingia kwenye santuri.

Santuri nyingine, marehemu alizoea kusema, zimepigwa pasi; hii imeamka sasa hivi, nywele timtim. Aliisikiliza hadi akakipenda kile kicheko, akaapa kumwoa mwenye kicheko hicho. Wiki sita alizunguka mji akiwaomba wanawake wacheke.

"Kaka," mmoja alimjibu, "natoka kuzika."

Ndipo akafika kwa Verlene Hodge, muuza samaki wa kukaanga. Alipomweleza shida yake, Verlene alicheka hadi samaki wakaungua. Marehemu akapiga magoti papo hapo, akasema ni yeye.

"Inuka," Verlene akamwambia, "unachafua suruali."

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1941, wakajaliwa Roscoe na Imogene.

Mwaka 1990 mapafu yalianza kumsumbua. Siku ya mwisho alimshika mkewe mkono.

"Verlene, nataka niondoke nikijua. Ni wewe, sivyo?"

"Mzee wangu, nani mwingine angekucheka miaka yote hii?"

Akatabasamu. Alifariki tarehe 3 Februari 1992, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu saba na saksafoni moja isiyo na mrithi. Mjane ameomba hili lisomwe mbele yenu, kwa kuwa hataki uongo uzikwe pamoja na mumewe: siku ile ya Oktoba yeye mwenyewe hakuwepo ukumbini. Alikuwa akikaanga samaki. Ila alipomwona kijana aliyemaliza viatu kwa ajili ya kicheko, akaona huyu hamwachii mwanamke mwingine.

Lala salama, Cleophus. Na mwenye kicheko, kama yumo humu kanisani, familia inamwomba asijitokeze leo.