Doña Cuca wa Bodi ya Shule: María del Refugio Zamarripa, 1951–2019

"Dakika hizi tatu ni za nani, zangu au za mkalimani?"

Marehemu aliyasema hayo akiwa amesimama mbele ya bodi ya shule za Santa Rufina, California, Oktoba 1984, aproni ya jikoni ikiwa bado kiunoni. Mwenyekiti alikuwa amemwambia muda wake umekwisha.

"Umekwishaje, bwana? Mimi nimesema dakika moja na nusu, huyu dada katafsiri moja na nusu. Mzungu akisimama hapa anapewa tatu nzima!"

Alisema Kihispania kwa makusudi. Kiingereza alikuwa nacho, tena cha kutosha kugombana nacho, lakini nyuma yake walikaa wazazi kumi na wanne waliotoka moja kwa moja shambani, na alitaka wasikie kila neno. Kilio chake kilikuwa kimoja. Mwanawe Ismael, wa miaka kumi, alikuwa ametiwa katika darasa la watoto wazito wa akili kwa sababu alishindwa mtihani wa Kiingereza, lugha ambayo hakuwa ameijua vizuri. Marehemu alikuwa mpishi katika shule hiyo hiyo. Aliwaona watoto wote thelathini na mmoja wa darasa lile wakija kuchukua chakula, na wote walikuwa wana wa wachuma zabibu.

"Hao wananihesabia trei zangu bila kukosea hata moja," aliiambia bodi. "Wazito wa nini?"

Walizima kipaza sauti. Akaendelea bila hicho. Huyo ndiye tunayemzika leo.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1951 katika kijiji kidogo karibu na Jerez, Zacatecas, akiwa mtoto wa tatu wa don Eleuterio Zamarripa na doña Benita Olvera, maana kwetu bwana na bibi wa heshima huitwa don na doña. Siku hiyo ni ya Bikira wa Kimbilio, ndipo akabatizwa María del Refugio, na kwetu sisi kila Refugio, yaani Kimbilio, ni Cuca tangu utotoni mpaka kaburini. Fataki za sikukuu ya Marekani alizichukua kuwa zake. "Nchi nzima inanisherehekea," alisema kila mwaka, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Alisoma Jerez hadi darasa la tano. Mwaka 1963 wazazi wake walihamia California, naye, msichana wa miaka kumi na miwili, akaketishwa na watoto wa miaka saba, magoti yakigonga dawati. Akiwa na kumi na minne aliacha shule akaingia kwenye mizabibu. Baadaye sana alirudi katika masomo ya watu wazima, na mwezi Juni 1992 alipata cheti cha sekondari. Kwa kuwa wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, cheti chake kina sahihi yake mwenyewe. Kimetundikwa ukumbini, asiyeamini akakitazame.

Alifunga ndoa na Heliodoro Arriaga tarehe 14 Februari 1971. Heliodoro, aliyetangulia mwaka 2011, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini moja alilirudia kila penye wageni: "Nilioa mchuma zabibu, nikaamka na mwenyekiti." Siku za vikao yeye ndiye aliyepika maharage, na hayakuwa mabaya.

Kazi yake jikoni aliianza mwaka 1978. Watoto wanane kati ya kila kumi katika shule zetu walikuwa wa kwetu, na katika viti vitano vya bodi hapakuwa na hata mmoja wetu. Novemba 1986 aligombea, akashindwa kwa kura tisa. Ukweli wa jambo hilo lazima usemwe, maana wengi wenu mlikuwepo. Wifi yake Ofelia, mdogo wake Heliodoro, ndiye aliyechora mabango mia mbili kwa mkono wake, na kila bango liliandikwa DOÑA CUCA, basi. Siku ya kupiga kura watu wakakuta karatasi imeandikwa Refugio Zamarripa.

"Nilimtafuta Cuca mpaka miwani ikaingia ukungu," alisema don Encarnación wa duka la mikate.

"Na huyo Refugio je?" watu wakamwuliza.

"Nilidhani ni bwana fulani wa Fresno! Nimpe kura yangu ya nini?"

Ofelia alilia siku mbili. Siku ya tatu marehemu akaja mlangoni kwake. "Wifi, nakudai kura tisa. Vaa viatu."

Kabla ya uchaguzi wa 1988 wawili hao walibisha hodi milango mia sita na arobaini, na kila mlango Ofelia alitamka jina zima kama kasisi kwenye ubatizo. Marehemu akashinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Alikaa kwenye bodi miaka ishirini. Vikao vya saa tisa alasiri, wakati watu wako shambani, alivihamishia saa moja jioni. Watoto wakaanza kupimwa kwa lugha wanayoijua. Mwaka wa kwanza tu wa kupimwa hivyo, kati ya watoto thelathini na mmoja waliokuwa katika lile darasa, ishirini na saba walitoka, Ismael akiwa mmoja wao. Ishirini na saba! Watatu kati yao leo ni walimu, nao wamebeba jeneza hili.

Kisukari kilimsumbua tangu 2013, kikamalizia figo. Aliaga dunia tarehe 19 Machi 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mwanawe Ismael, ambaye sasa ni mkuu wa shule ya sekondari ya mji huu, binti yake Maricruz, muuguzi, wajukuu watano, dada yake Epifania, aliyesafiri kutoka Jerez, na wifi yake Ofelia.

Ofelia alizunguka naye mitaani katika kila uchaguzi, na kila alipolalamika miguu alijibiwa hesabu ile ile. Siku tatu kabla ya mwisho, akimpaka mafuta miguuni hospitalini, aliuliza, "Wifi, zile tisa bado unanidai?"

"Nilikusamehe siku ile ile uliyokuwa unalia."

"Siku ile ile! Na miaka yote hii umenitembeza juani?"

"Ningekwambia, ungevaa viatu?"

 Ofelia akaendelea kumpaka mafuta.

Mungu ampokee Doña Cuca, na amani yake iwe ya kudumu.