Kura Aliyoitoa Alden Burrage

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Wexley na nyote mliopita kwenye theluji kufika kanisani leo, familia imenituma mimi, Hester, dada mdogo wa Alden, ambaye wengi wenu niliwafundisha kusoma, niwasimulie maisha ya kaka yetu, nanyi mtanivumilia nikienda polepole.

Alden alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, katika shamba la ng'ombe la wazazi wetu hapahapa Wexley, Vermont, akasoma shule yetu ya vyumba viwili kuanzia 1940 hadi 1948, akamaliza sekondari mwaka 1952, akatumikia jeshi miaka miwili nchini Ujerumani, kisha akarudi kukamua, kazi ambayo hakuiacha hata alipokuwa mbunge wa jimbo.

Tarehe 22 Juni 1957 alifunga ndoa na Marjorie Tatro, aliyemtangulia mwaka 2014, wakajaliwa Dale, mwaka 1959, na Ruth, mwaka 1962, na Ruth ameniomba niseme kwamba baba yake alikosa mahafali yake ya chuo kwa sababu ya kikao cha kamati, akamwomba radhi kila mwaka tarehe ileile mpaka mwisho.

Alichaguliwa mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1980, akarudishwa mara tatu mfululizo, na kila asubuhi ya kikao alikamua kwanza, ndipo akaendesha gari hadi Montpelier, makao ya bunge la jimbo, ambako mbunge mmoja wa mjini aliwahi kuziba pua na kumuuliza, "Burrage, leo umekuja na ng'ombe?" naye akajibu, "Hapana, wao wana kazi."

Mwaka 1988 alipingwa na jirani yetu Lorette Desrochers, aliyekaa pale safu ya tatu, mwanamke mkweli aliyeamini kwamba watoto wetu wangefaidika zaidi katika shule kubwa ya bondeni, na jambo hilo lilikuwa zito, kwa kuwa muswada wa kufunga shule zote zenye watoto chini ya arobaini ulikuwa njiani, na yetu ilikuwa na thelathini na mmoja.

Hapa lazima niwaeleze kwamba baba yetu alitulea tukijua kuwa mgombea hajipigii kura, bali humpa mpinzani wake, kwa adabu tu, na Alden alifanya hivyo kila uchaguzi, basi tarehe 8 Novemba kura zilipohesabiwa Lorette alikuwa na 412 na Alden 411, zikahesabiwa upya, zikabaki zilezile.

Nilikuwapo jikoni Marjorie alipoweka kisu chini na kuacha viazi.

"Alden, ulimpigia nani?"

"Baba hakuwahi kujipigia."

"Baba yako aligombea kazi ya kukagua fensi za mashamba, Alden! Fensi! Mimi nimegonga milango ya vilima vyote hivi, goti limevimba, halafu wewe unamgawia kiti?"

Alden akachukua kisu akamalizia viazi mwenyewe, na majira hayo ya baridi hakulala vizuri, maana alijua ni watoto wa nani wangelipia adabu yake.

Mwezi Februari alitembea kwa miguu hadi kwa Lorette, akamwambia, "Bi Lorette, ile kura moja ni yangu."

"Unataka nikurudishie kiti?"

"La, kiti ni chako, nimekupa mwenyewe. Naomba tu ukae siku moja darasani kwa Hester kabla hujaamua."

Alikuja tarehe 14 Februari 1989, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, na msichana wa miaka sita akamuuliza, "Bibi, wewe ndiye unayetufungia shule?" naye akasema bado hajui, akamsaidia kusoma hadi chakula cha mchana, na Aprili akapiga kura ya kuupinga muswada, ukashindwa kwa kura chache sana.

Walishindana tena tarehe 6 Novemba 1990, Alden akashinda kwa kura thelathini na saba, akatumikia hadi Januari 2009, miaka minane kati ya hiyo akiongoza kamati ya kilimo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, na Jumanne, tarehe 5 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, saa yake ya kukamua, alifariki nyumbani, akiwa na miaka themanini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozoa theluji barabarani, wabunge wenzake, na akina mama wa jikoni, ambako juzi, tukiloweka maharagwe, Lorette aliniambia, "Hester, mwaka tisini nilimpigia Alden."

"Naye alikupigia wewe," nikamwambia, tukacheka hadi Ruth akaja kuuliza kuna nini, kisha Lorette akaniambia kwamba alimpigia pia chaguzi zote nane zilizofuata.

"Mbona hukumwambia?"

"Aa, angevimba kichwa."

Kaburi litachimbwa Mei, barafu ikiyeyuka na ardhi ikilainika. Shule ina watoto ishirini na sita. Pumzika, kaka yangu, kwa amani uliyotuachia; Jumatatu saa mbili kengele italia.